"Tumepitisha!": namna ya kumsikiliza mbunge mhafidhina wa Marekani anapohesabu mafanikio

Mbunge wa Republican, chama cha wahafidhina, akirudi kwa wapiga kura wake huwa na orodha. Kwa mwaka 2025 orodha yenyewe inajulikana: tumepunguza kodi, tumebana matumizi, tumelinda kura, tumefunga mpaka. Wafuasi hupiga makofi, wapinzani huita yote uongo mtupu. Mimi sidhani kwamba mbunge wa namna hii ni mwongo. Anachagua vitenzi kwa uangalifu, basi, na wasikilizaji wanavipa maana ambayo bungeni havina.

Dhana: "Tumepitisha" maana yake sheria ipo

Neno hili linaponza wengi. Bunge la Marekani lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye viti 435 na Seneti yenye viti 100. Mwakilishi akisema "tumepitisha", huenda anazungumzia baraza lake peke yake.

Chukua SAVE Act, muswada unaomtaka mtu aonyeshe hati ya uraia anapojiandikisha kupiga kura. Ulipita Baraza la Wawakilishi Aprili 10, 2025 kwa kura 220 dhidi ya 208, ukapelekwa Seneti, na huko ukakwama. Mbunge aliyeutaja kwenye orodha yake alikuwa amemaliza sehemu yake ya kazi. Lakini kwa kura ile hakuna fomu ya usajili iliyobadilika.

Laken Riley Act ni habari nyingine. Ulipita mabaraza yote mawili, kukiwa na wabunge wa Democrat, chama cha upande wa pili, waliouunga mkono, na Rais Donald Trump akausaini Januari 29, 2025. Ndiyo sheria ya kwanza ya muhula wake wa pili. Inaitaka serikali kuu imshikilie mhamiaji asiye na kibali anayekamatwa au kushtakiwa kwa wizi na makosa mengine kadhaa. Kwenye taarifa ya mbunge, mambo haya mawili hukaa mstari mmoja na hupigiwa makofi sawasawa.

Dhana: Mwenye wingi Seneti hufanya atakavyo

Republican waliingia mwaka 2025 na maseneta 53. Ni wengi, ila muswada wa kawaida unahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, kwa hiyo lazima wapatikane angalau saba kutoka upande wa pili. Hapo ndipo SAVE Act ilipogota.

Kuna mlango wa pembeni. Sheria ya bajeti ya mwaka 1974 ilileta utaratibu wa upatanisho wa bajeti, ambao muswada wake hupita kwa wingi wa kawaida. Republican waliupitia kupunguza kodi mwaka 2017, Democrat wakaupitia mwaka 2021 na 2022. Hakuna chama kinachoweza kuulalamikia kwa uso mkavu. Mlango wenyewe una bawabu, kanuni inayobeba jina la Robert Byrd, seneta wa West Virginia: kifungu kisichogusa mapato au matumizi ya serikali hung'olewa.

Ile sheria kubwa ya kodi na matumizi ya mwaka 2025 ilipitia humo. Seneti iligawanyika 50 kwa 50 Julai 1, Makamu wa Rais JD Vance akapiga kura ya kuamua. Siku mbili baadaye Baraza la Wawakilishi liliikubali kwa 218 dhidi ya 214, na Julai 4 ikasainiwa. Kichekesho ni kwamba jina One Big Beautiful Bill Act halimo rasmi ndani yake. Kiongozi wa Democrat katika Seneti, Chuck Schumer, alipinga akisema jina hilo halihusiani na bajeti, likaondolewa dakika za mwisho. Bado kila mtu analitumia.

Dhana: Wastaafu hawalipi tena kodi kwenye pensheni ya Social Security

Hii ni dhana iliyosambaa sana, na wanasiasa wenyewe waliichochea. Utaratibu wa upatanisho hauruhusu kuichezea Social Security, kwa hiyo kodi ya pensheni haikufutwa. Kilichowekwa ni kitu cha kando: mwenye umri wa miaka 65 au zaidi anaruhusiwa kuondoa dola 6,000 kwenye mapato yanayokokotolewa kodi. Nafuu hiyo huanza kupungua mapato yakizidi dola 75,000 kwa mtu mmoja au 150,000 kwa mume na mke.

Dola 6,000 hizo haziingii mfukoni. Mtu anayetozwa asilimia 12 anaokoa dola 720 kwa mwaka, tena akiwa na mapato ya kutosha kutozwa. Na aliyeanza kupokea pensheni akiwa na miaka 62 hapati kitu mpaka afikishe 65.

Bakshishi nazo ziko hivyo hivyo. Kaulimbiu ilisema "hakuna kodi kwenye bakshishi". Sheria inasema mhudumu anaweza kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi kwenye hesabu ya kodi ya mapato, lakini makato ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee), jumla asilimia 7.65, yanaendelea kama kawaida. Mwenye kipato kidogo kiasi kwamba hakuwa akidaiwa kodi ya mapato tangu mwanzo hajaongezewa chochote.

Dhana: Kila dola inayotumwa nyumbani kutoka Marekani inakatwa asilimia 5

Dhana hii iliwatia hofu watu wengi walio mbali kabisa na Washington, na si ajabu. Pendekezo la kwanza katika kamati ya Baraza la Wawakilishi lilikuwa kweli asilimia 5, kwa wasio raia. Baraza zima lilipopiga kura Mei ilikuwa imeshuka hadi 3.5. Seneti ikaibana hadi asilimia 1, na hiyo ndiyo iliyobaki katika sheria, kwa fedha zinazotumwa baada ya Desemba 31, 2025.

Tena haigusi kila muamala. Inamhusu anayelipia kwa fedha taslimu, hawala ya fedha au hundi ya benki. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, haimhusu. Na hapa kuna jambo ambalo wabunge waliolipigia debe pendekezo la awali hawalisemi sana: uraia hauangaliwi tena. Mmarekani mzaliwa akipeleka noti dirishani, anatozwa vilevile.

Dhana: Mhafidhina akishika bajeti, deni hupungua

Mbunge atataja kilichokatwa, na kimekatwa kweli. Julai 2025 Bunge liliondoa takriban dola bilioni 9 ambazo lilikuwa limeshaziidhinisha, sehemu kubwa ikiwa misaada ya nje na kama bilioni 1.1 za utangazaji wa umma. Lakini serikali kuu hutumia karibu trilioni 7 kwa mwaka. Kati ya kila dola 1,000, kilichoondolewa ni dola 1 na senti 30 hivi.

Mwezi huohuo ile sheria kubwa iliongeza ukomo wa deni kwa trilioni 5, na Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba sheria hiyo ingeongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka kumi. Wahafidhina wana jibu, na linastahili kusikilizwa: viwango vya kodi vya 2017 vilikuwa tayari vinatumika, kwa nini kuviendeleza kuhesabiwe kama gharama mpya? Ukikokotoa kwa mtindo huo picha inageuka kabisa. Mimi naona udhaifu wake. Viwango hivyo viliwekewa mwisho wa 2025 makusudi, ili gharama ionekane ndogo mwaka 2017. Kuanza hesabu upya baada ya miaka minane ni kunufaika mara mbili na ujanja uleule.

Wala si Democrat tu waliolisema hilo. Mwakilishi Thomas Massie na Seneta Rand Paul, wote wa Kentucky na wote wahafidhina wa kutosha, walipiga kura ya hapana kwa sababu ya deni. Seneta Thom Tillis wa North Carolina naye alikataa, yeye akihofia Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo.

Dhana: Bunge lililotunga sheria chache limelala

Kwa mhafidhina hiyo inaweza kuwa sifa. Kuna sheria ya mwaka 1996 inayoliruhusu Bunge kufuta kanuni mpya za wizara na mamlaka za serikali kwa wingi wa kawaida. Kwa miaka 20 ilifanikiwa mara moja tu, mwaka 2001. Kisha ikatumika mara 16 katika 2017 na 2018. Mbunge akisema "tumeondoa", mara nyingi ni hili. Usilichanganye na amri za rais, ambazo mrithi huzifuta kwa kalamu: siku ya kuapishwa kwake, Januari 20, 2025, Trump alibatilisha 78 kati ya amri na maagizo ya mtangulizi wake, Joe Biden.

Dhana: Sheria ikisainiwa, yote yaliyomo huanza

Katika ile sheria kubwa, punguzo la bakshishi na lile la wazee lilihesabiwa tangu Januari 2025, na yote mawili yanakoma mwisho wa 2028. Sharti kwamba watu wazima kadhaa walio kwenye Medicaid wathibitishe saa 80 za kazi, masomo au huduma ya jamii kwa mwezi limepewa majimbo hadi Januari 1, 2027, ingawa jimbo linaweza kutangulia. Uchaguzi wa viti vyote 435 ni Novemba 3, 2026: baada ya nafuu kuanza, kabla ya sharti kuwa la lazima.