Ikawa jioni, ikawa asubuhi: Mwanzo kwa msomaji wa Dodoma

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo.

Januari ya mwaka mmoja mvua ilikata. Aliyepanda uwele Desemba alikuwa anautazama ukijikunja shambani, na darasani kwangu, ninakofundisha Agano la Kale na Kiebrania cha kuanzia kwa wachungaji na wainjilisti, tulikuwa tumefika Mwanzo sura ya pili. Mwinjilisti mmoja wa upande wa Bahi, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa anatusomea kwa sauti. Alipofika mstari wa tano, pale Mungu "hajainyeshea nchi mvua" na hakuna mche wa kondeni uliochipuka, akanyamaza. Akavua miwani. "Mwalimu," akasema, "hii sura kaiandika mtu wa kwetu."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu mzee alikuwa amelisema kwa sentensi moja jambo ambalo mimi lilinichukua miaka ya vitabu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote, kanisani, kwenye daladala, hata msibani, ni hili: zile siku sita ni siku kweli za saa 24, au ni mfano tu? Hilo "tu" la mwisho huniudhi. Anayeuliza huwa ameshaamua kwamba mfano ni kitu hafifu, kana kwamba mhubiri akishindwa kuthibitisha ndipo hukimbilia mfano. Kwa watu waliolelewa na vitendawili na methali, hilo ni jambo la ajabu kuamini.

Tuanze na neno lenyewe. Kiebrania husema yom. Wapo wanaotaka kupatanisha Biblia na jiolojia kwa kulivuta neno hili: kila yom iwe miaka milioni kadhaa, kazi imekwisha. Siwafuati. Ni kweli neno lina nafasi ya kunyumbulika, kama siku yetu inavyonyumbulika. Tunaposema siku za mwizi ni arobaini, hakuna polisi anayekaa na kalenda. Na Mwanzo 2:4 yenyewe inasema "siku ile" Mungu alipoziumba mbingu na nchi, ikaikusanya kazi yote ya juma katika siku moja. Lakini sura ya kwanza inatoa namba, inataja jioni, inataja asubuhi. Hapo siku ni siku. Tena inaanza jioni, jambo ambalo Mzungu huhitaji kuelezwa, ila sisi tunaosema "usiku wa kuamkia Ijumaa" hatuhitaji: usiku umeshahesabiwa na mchana unaoufuata. Kuhusu maana ya neno, basi, nasimama na jirani zangu Wasabato.

Tunapoachana ni kwenye swali la pili: siku hizo za kawaida zinafanya kazi gani ndani ya maandishi? Hapa wengi wanaosema wanaisoma Biblia kama ilivyoandikwa huwa hawaisomi kama ilivyoandikwa. Jua linawekwa siku ya nne. Siku tatu zina jioni na asubuhi bila jua. Aliyelishangaa jambo hili si msomi wa juzi wa Ulaya. Ni Origeni wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, katika karne ya 3, aliyeuliza mtu gani mwenye akili atadhani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua, mwezi wala nyota. Askofu Agostino wa Hipo, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, aliandika vitabu 12 akikusudia hasa kuisoma Mwanzo kama ilivyoandikwa, na akafikia kusema kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na siku zile ni mpangilio wa kutusaidia sisi kuelewa. Darwin alichapisha kitabu chake cha mageuko ya viumbe mwaka 1859. Kwa hiyo anayeniambia usomaji wa picha ulibuniwa ili kumpisha Darwin, namwomba ahesabu karne.

Tazama jinsi juma lilivyopangwa. Siku ya kwanza ni nuru, ya pili anga na maji, ya tatu nchi kavu na mimea. Kisha mwandishi anarudi mwanzo wa mstari: siku ya nne ni mianga ya kukaa kwenye nuru ile, ya tano ndege wa angani na samaki wa majini, ya sita wanyama na binadamu wa nchi kavu. Vyumba kwanza, wakaaji baadaye. Ukilisoma kama kumbukumbu za zamu, jua limechelewa kazini. Ukilisoma kama ramani ya nyumba, kila kitu kiko mahali pake. Na hilo juma la kazi lenye pumziko mwishoni ndilo Kutoka 20:10-11 inalolishika kumwambia mtumwa, mgeni na hata mnyama wapumzike.

Kuna jambo dogo ambalo Kiswahili chetu kimelihifadhi vizuri. Katika sura ya kwanza jua haliitwi jua. Kiebrania kina neno shemesh, wala si neno gumu, ila mwandishi amelikwepa akasema mianga: mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Neno alilolitumia ndilo linalotumika baadaye kwa taa ya hema la kukutania. Kwa nini? Babeli, jua lilikuwa mungu, jina lake Shamash, lenye hekalu na makuhani. Mwandishi anapita mbele ya hekalu hilo na kusema: zile ni taa, Mungu wetu alizitundika. Nyota, ambazo Wababeli walizisoma kutabiri mambo ya wafalme, anazitupia maneno mawili tu ya Kiebrania, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni. Haya ni mabishano makali, ila ukiyasoma kama somo la fizikia hutayasikia kabisa.

Mbao za udongo zenye hadithi ya Babeli ya uumbaji zilifukuliwa Ninawi, na George Smith akachapisha tafsiri yake mwaka 1876. Miaka hiyohiyo wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikuwa wanafungua kituo Mpwapwa. Biblia ilitufikia, basi, kabla habari hizo hazijasambaa, na wakati huo Biblia nyingi za Kiingereza zilikuwa na tarehe ya uumbaji, 4004 kabla ya Kristo, pembeni mwa ukurasa. Hiyo ni hesabu ya Askofu James Ussher wa Ireland, aliyoichapisha mwaka 1650. Nimewahi kubishana na mzee wa kanisa aliyeamini kwa moyo wote kwamba namba hiyo ni Andiko.

Turudi kwa mwinjilisti wa Bahi. Sura ya kwanza inaanza na maji yaliyozidi: giza, vilindi, kila mahali maji. Hiyo ni hofu ya mtu wa mito mikubwa. Sura ya pili inaanza na ardhi iliyokauka, haina mvua wala mkulima. Hata jina linabadilika, fungua Biblia yako uone: "Mungu" wa sura ya kwanza anakuwa "BWANA Mungu" kuanzia 2:4. Anayefanya kazi sasa ni mfinyanzi, mikono udongoni. Adam anatoka kwenye adamah, ardhi ya kulimwa, na mtu wa Dodoma anayepangusa vumbi jekundu viatuni kila jioni hahitaji mahubiri marefu hapo.

Kabla ya mtu kuumbwa, kitu kinapanda kutoka ardhini na kuinywesha. Biblia yetu inasema ukungu. Neno la Kiebrania, ed, limetokea mara mbili tu katika Agano la Kale lote, na wataalamu wengi leo huona ni maji yanayotoka chini. Nilipolieleza darasani, mama mchungaji mmoja akasema, "Kama korongoni." Ndiyo hasa. Agosti unapita kwenye korongo kavu, mchanga mtupu, unamkuta mama amefukua hadi kiunoni, anangoja. Mchanga wa chini unakuwa mweusi, kisha unang'aa, kisha maji yanajikusanya taratibu na anayachota kwa kata, kata moja moja, hadi ndoo ijae. Jiji zima hili limekunywa miaka mingi maji ya visima vya Makutupora. Siwezi kuapa kwamba mwandishi alikuwa na picha hiyo kichwani, ila naona inakaa vizuri kuliko ukungu.

Utaratibu nao ni mwingine. Sura ya kwanza: mimea, wanyama, halafu watu. Sura ya pili: mwanamume, kisha bustani, kisha wanyama, mwisho mwanamke. Tafsiri moja maarufu ya Kiingereza imejaribu kupiga pasi mkunjo huu kwa kusema Mungu "alikuwa ameshafanya" wanyama. Waliozipanga sura hizi mbili bega kwa bega waliuona mkunjo vizuri kuliko sisi, wakauacha. Waulize wazee wa hapa jina Dodoma limetoka wapi. Mmoja atakwambia ni tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope: idodomya, imezama. Mwingine atakwambia ni ng'ombe wa wizi waliokwisha kuliwa, mikia ikachomekwa topeni ili wenye mali waambiwe mifugo imezama. Sijasikia wazee wakigombana nani mwongo.

Kuhusu umri wa dunia nasema kwa ufupi, maana si fani yangu: miamba ya kale ya kati ya nchi hii, wataalamu wanaipa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na sura hizi hazina ugomvi nayo. Kijana mmoja anayesoma jiolojia hapa mjini aliambiwa na mhubiri achague, mawe au Yesu. Aliacha kuja kanisani. Huyo mhubiri nina hasira naye mpaka leo.

Swali la Adamu, kama alikuwa mtu mmoja halisi, ni gumu zaidi, na sitajifanya nimelimaliza. Kwenye Kiebrania, sehemu kubwa ya sura ya pili na ya tatu ni "yule mtu", si jina. Lakini Paulo, Warumi 5, anamweka Adamu sambamba na Kristo, na wenzangu wengi hugoma kuvuka hapo. Nawaelewa.

Mwinjilisti wangu alikuja ofisini baada ya kipindi, Biblia mkononi. Amehubiri siku sita za saa 24 miaka 30, na hakuwa amekuja kuacha. Nilimwomba kitu kimoja: anioneshe jioni ya siku ya saba. Akaweka kidole kwenye mstari wa tano wa sura ya kwanza, akashuka nao taratibu, akifungua ukurasa, midomo ikihesabu. Ya sita akaipata. Akaingia sura ya pili, akapita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole kikasimama, kikarudi juu kuanza upya.