Setilaiti Haikuoni: Dhana Potofu Kuhusu GPS na Antena Zake

"Setilaiti inaniona nilipo." Dhana hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Setilaiti za GPS zinazunguka dunia kilomita 20,200 hivi juu yetu, na hazijui kama upo. Kazi yake ni kutangaza: kila moja hutuma saa yake na mahali ilipo, mfululizo, kwa yeyote anayesikiliza. Simu yako haijibu chochote. Hupima mawimbi yametumia muda gani kufika, na ikizipata angalau setilaiti nne hupiga hesabu yenyewe. Mawimbi huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ya setilaiti ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana setilaiti hizo hubeba saa za atomiki.

Basi mwenye gari anajuaje gari lake liko Chalinze? Kile kifaa kilichofichwa nyuma ya dashibodi kina laini ya simu ndani. GPS inakijulisha kilipo, laini inapeleka habari. Gari likiingia pasipo na mtandao, kifaa bado kinajua kilipo, ila hakina pa kusemea.

"Bila bando GPS haifanyi kazi." Inafanya. Bando ni la kupakua ramani, na pia huisaidia simu kuzipata setilaiti haraka mwanzoni. Pakua ramani kabla ya safari, na utaonyeshwa ulipo hata katikati ya pori.

"Antena ikiwa juu zaidi inashika zaidi." Haya ni mazoea ya antena za TV. Mlingoti wa mita 10 ni nini mbele ya kilomita 20,200? Antena ya GPS inataka anga wazi. Mlingoti unafaa pale tu unapoivusha juu ya ukuta au miti. Wala haielekezwi upande mmoja kama dishi la king'amuzi. Setilaiti za TV huonekana zimetulia mahali pamoja, lakini za GPS huzunguka dunia karibu mara mbili kwa siku, hivyo antena hulazwa ikitazama juu. Fundi anayeifunga chini ya bati au kuigeuza kichwa chini ameiharibu kazi kabla gari halijatoka gereji.

"Simu inatosha kupimia kiwanja." Hapa naomba kila anayenunua ardhi asome mara mbili. Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita 3 hadi 5 hivi. Kati ya majengo hukosea zaidi, maana mawimbi hugonga kuta kwanza na kuchelewa kufika. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, mita 5 ni robo ya upana wake. Hapo ndipo kesi na jirani zinapoanzia. Mpima ardhi hutumia vipokezi viwili: bezi, inayosimama juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana, na rova, inayobebwa kwenye fimbo kutoka bikoni (jiwe la mpaka) hadi bikoni. Bezi huligundua kosa la mawimbi papo hapo na kuitumia rova masahihisho, na kosa hushuka hadi sentimita chache. Ni kwa vipokezi vya kitaalamu vya GPS kwamba mwaka 1999 Kilimanjaro ulipimwa upya: mita 5,895 za kipimo cha 1952 zikawa 5,892. Tofauti ya mita 3 tu, ambayo simu isingeweza kuibaini.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mipaka kwenye skrini ya simu, mwambie akupeleke kwenye bikoni zenyewe. Andika namba zake, zilinganishe na ramani ya upimaji ofisi ya ardhi, ndipo mzungumze bei.