Kubuni upya kasha la albamu: yanayoaminiwa darasani na yanayotokea mezani pa kukatia

Zoezi hili hutolewa sana kwa wanafunzi wa usanifu wa michoro: chukua albamu ya zamani, ibuni upya, ulete kasha linaloshikika mkononi. Tuseme ni albamu ya taarab iliyotoka kwa kaseti, sasa inatakiwa iwe CD na santuri.

Dhana: Skani kava la kaseti, likuze, basi.

Uso wa kava la kaseti una upana wa milimita 65 hivi na urefu wa 102. Jalada la santuri ya inchi 12 ni kama milimita 315 kila upande, karibu mara tano ya upana huo. Ukiskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) unapata pikseli 768 tu za upana. Ukipandisha hadi dpi 1200 utapata zaidi ya 3000, lakini hapo huongezi sura ya mwimbaji. Unaongeza vitone vya wino vya mashine iliyochapa kava lile. Vitone vya zamani vikilaliwa na vitone vipya hutoa mawimbi yanayofanana na ya kitambaa cha hariri. Skani kwa dpi 1200, lainisha vitone, ndipo upunguze faili. Kisha itumie picha ikiwa ndogo, au ichore upya. Ukipata picha halisi ya karatasi kutoka studio, achana na kava kabisa.

Dhana: Pikseli 3000 kwa 3000 zinatosha popote.

Hicho ni kipimo cha majukwaa ya kusikilizia muziki. Kwa CD kinatosha na kubaki: kijitabu cha milimita 120, pamoja na ziada ya kukatia milimita 3 kila upande, kinataka pikseli 1,488 kwa dpi 300. Santuri yenye ziada hiyohiyo inataka karibu 3,790. Picha laini inaweza kusameheka, herufi hazisameheki. Ziache herufi zikiwa herufi hadi mwisho, usiziyeyushe ndani ya picha.

Dhana: Kava ni ule uso wa mbele.

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kasha la kawaida la plastiki la CD lina kijitabu cha milimita 120 kwa 120, na karatasi ya nyuma ya milimita 151 kwa 118. Katika zile 151, milimita 6.5 za kila upande hukunjwa zikawa migongo miwili. Maandishi ya mgongo yasizidi pointi 9 hivi na yakae katikati, kwa sababu mkunjo ukiteleza milimita chache tu, sehemu ya jina la msanii inahamia nyuma ya kasha. Kijitabu cha kubana kwa pini nacho hukubali kurasa 4, 8, 12 au 16. Kurasa 10 hazipo, kwani kila karatasi iliyokunjwa ina kurasa nne. Na kikinenepa sana hakipiti chini ya vile vimeno vya plastiki vinavyokishikilia ndani ya kifuniko. Mtumiaji atakichana siku ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha kompyuta, kata karatasi nyeupe kwa vipimo hivyo, kunja, ingiza kwenye kasha tupu, andika kwa penseli nini kinakaa wapi.

Dhana: Kartoni nene ndiyo inayoonekana ya kitaalamu.

Nene ikikunjwa vibaya hupasuka na kuonyesha mstari mweupe, hasa rangi nzito iliyochapwa kwa wino wa unga (tona) wa printa ya leza. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja. Ukikunja kwa kuzikata, zinavunjika. Chukua kipande, kikunje pande zote mbili: unaokunjika kwa ulaini ndio mwelekeo wa nyuzi, na mgongo wa jalada ufuate huo. Karatasi ikizidi gramu 200 kwa mita ya mraba, chora kwanza mfereji kwa rula ya chuma na kalamu iliyokwisha wino. Gundi nyeupe ina maji, huikunjisha karatasi nyembamba; selotepu ya pande mbili ni salama zaidi.

Dhana: Nyeusi ni nyeusi.

Wino mweusi peke yake kwenye eneo kubwa hutoka kijivu. Ongeza siani (buluu ya uchapaji) asilimia 60, majenta (waridi iliyokolea) 40 na njano 40 juu ya nyeusi 100. Kwa maandishi madogo fanya kinyume, nyeusi tupu, maana rangi nne zikipishana kidogo herufi hupata kivuli. Ile kijani inayowaka kwenye skrini haimo katika wino wa kawaida, usiibishie.

Dhana: Kitu cha ajabu kwenye kasha huongeza maksi.

Zipu halisi iliyowekwa kwenye jalada la Sticky Fingers, albamu ya Rolling Stones, mwaka 1971 iliziumiza santuri zilipopangwa juu ya nyingine. Ikabidi zipu ishushwe hadi katikati kabla ya kusafirishwa, ili ikandamize lebo badala ya mifereji ya sauti. Upande mwingine, msanifu Mmarekani Reid Miles alibuni majalada mengi ya Blue Note, kampuni ya santuri za jazi, kwa picha, herufi na mara nyingi rangi moja au mbili tu.

Dhana: Ni kazi ya shule, picha yoyote ni halali.

Kuiwasilisha darasani ni jambo moja, kuiuza ni jingine. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya 1999, Kenya ya 2001, na mwenye picha mara nyingi si mwimbaji bali mpiga picha au kampuni. Andika wazi kuwa ni zoezi lisilo rasmi, na usinakili msimbopau (barcode) wa bidhaa iliyopo: chora mistari yenye tarakimu sifuri.