Kabla hujanunua zafarani ya kutibu stresi

Tangu hizi video za zafarani zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, wateja wanaokuja kaunta kuniuliza wamekuwa wengi kwelikweli, huyu anataka ya stresi, yule ya nguvu za kiume, mama mwingine anataka ya kutia kwenye maziwa anywe ili imng'arishe mtoto aliye tumboni, na wote wanaanza vilevile: "dokta, eti ni kweli?" Mimi ni mfamasia, nipo hapa hapa Dar, na zafarani naipenda sana kwenye biriani kwa hiyo sina ugomvi nayo. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba kwenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kuna kitu, tena cha maana, kwenye mengine bado bado, na kabla ya yote hayo jua kwanza kama hicho ulichoshika mkononi ni zafarani.

Nianze na hilo la mwisho maana ndo pesa za watu zinapopotelea. Zafarani ni vile vinyuzi vyekundu vya katikati ya ua la zambarau, kila ua linatoa vitatu tu, vinachumwa kwa mkono, na ili upate kilo moja ikiwa kavu unahitaji maua kama 150,000. Sehemu kubwa ya inayouzwa duniani inatoka Iran. Sasa piga hesabu mwenyewe, mtu anakuuzia kifuko kimetuna kwa bei ya binzari, humo ndani kuna nini? Mara nyingi ni petali za ua lingine kabisa la rangi ya machungwa, na ile ya unga ndo usiiguse, humo manjano inaingia, rangi ya chakula inaingia, huwezi kujua.

Ya nyuzi inapimika nyumbani. Chukua nyuzi mbili tatu, tia kwenye maji ya uvuguvugu kwenye kikombe cheupe, usikoroge, kaa utazame. Ya kweli haina haraka, inaachia njano ya dhahabu kidogokidogo, na hata robo saa ikipita uzi wenyewe bado ni mwekundu. Iliyopakwa rangi inamwaga wekundu papo hapo, halafu uzi unabaki umepauka. Kisha tafuna mmoja: ya kweli inanukia utamu lakini mdomoni ni chungu, ukisikia sukari ujue umepigwa. Ile rangi ni krosini, harufu ni safranali, uchungu ni pikrokrosini, na hizo kemikali, hasa krosini na safranali, ndo watafiti wanazozifuatilia kama dawa.

Haya, sonona. Mwaka 2004 watafiti wa Tehran walichukua wagonjwa 30 wenye sonona nyepesi hadi ya wastani, nusu wakapewa zafarani miligramu 30 kwa siku na nusu wakapewa imipramini, dawa ya zamani ya sonona, na baada ya wiki 6 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ila wa imipramini walilalamika zaidi kukauka mdomo na usingizi. Mwaka uliofuata wakarudia na wagonjwa 40 dhidi ya fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, matokeo yakaenda hukohuko. Tangu hapo zimefanyika nyingine nyingi na kwa ujumla zafarani inaishinda kidonge kisicho na dawa. Inavyofanya kazi inadhaniwa ni kwa kuiacha serotonini, kemikali ya mwili inayohusika na hisia zetu, ikae muda mrefu zaidi kwenye ubongo.

Ila sasa tusishangilie. Tafiti nyingi ni za Iran hukohuko, za watu wachache, za wiki 6 au 8, na wengi walikuwa na sonona nyepesi au ya wastani, siyo yule ambaye hatoki kitandani au anawaza kujidhuru, huyo apelekwe hospitali leo hii na siyo kupikiwa chai. Halafu mara nyingi walichotumia ni zafarani iliyochujwa ikawekwa kwenye vidonge kwa kipimo. Uzi mmoja mkavu una kama miligramu 2, yaani miligramu 30 ni nyuzi kama 15, ambazo ni nyingi kuliko zile mbili unazodondosha kwenye kikombe ukisubiri furaha.

Kwenye maumivu na hasira za kabla ya hedhi kuna utafiti mzuri wa 2008, dozi ileile ya miligramu 30. Kwenye macho ya wazee Waitaliano walijaribu miligramu 20 kwa siku, wakaona retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, inaitikia mwanga vizuri kidogo, lakini walikuwa watu 25 tu. Nguvu za kiume tafiti zenyewe zinapingana, tuliache.

Wazee wetu wa pwani nao wameitumia toka zamani, kombe, yaani aya za Kurani, linaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, linaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Hilo ni la imani, siliingilii, ninachoomba tu ni usiache dawa zako za presha kwa sababu umekunywa kombe.

Kuhusu madhara, kwa mtu mzima kiasi cha mapishi hakina shida na hadi gramu 1.5 kwa siku imeonekana kuvumilika, ikifika gramu 5 ni sumu, na gramu 20 inaweza kuua. Kama unatumia dawa za sonona usichanganye na vidonge vya zafarani bila kumwambia daktari wako, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi. Wa warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, na wa dawa za presha pia mseme kabla. Na mjamzito biriani kula tu, ila vidonge na madozi ya kupima kwa kijiko hapana, kwa wingi inaweza kuchokoza kizazi hadi damu itoke.

Na wewe mama wa kumng'arisha mtoto, rangi yake imeshapangwa na wewe na baba yake, zafarani imechelewa. Maziwa endelea kunywa, yana kalisiamu.