Virusi Havionekani, Mbona Niendelee na Dawa?

Na mtaalamu wa maabara, kliniki ya tiba na matunzo, Tanga

Mama mmoja alifungua fundo la kanga, akatoa karatasi ya majibu iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, hapa wameandika virusi havionekani. Sasa hizi dawa nameza za nini?"

Swali hilo nalisikia karibu kila siku ya kliniki, na si la kipuuzi. Kulijibu inabidi turudi hadi siku virusi vya UKIMWI (VVU) vilipoingia mwilini.

Kinga ya mwili ina watendaji wengi. Kuna chembe nyeupe zinazomeza vijidudu, zipo zinazotengeneza kingamwili, na zipo zinazoua seli zilizokwisha ambukizwa. Fikiria shughuli ya harusi hapa Ngamiani. Wapishi wapo, wachota maji wapo, masufuria yapo, lakini yuko mama mmoja mwenye daftari anayesema nani afanye nini na saa ngapi. Akianguka yeye, pilau haipikwi ingawa mchele upo. Katika damu, mwenye daftari ni seli ya CD4, na VVU humwandama huyohuyo.

Jina la CD4 linatokana na protini iliyo juu ya ganda la seli, na hapo ndipo kirusi kinaponasa. Kikishaingia, hugeuza maelezo yake ya urithi yasomeke kama vinasaba vyetu, kisha kinajichomeka katikati ya vinasaba vya seli. Tangu hapo seli ikifanya kazi inatengeneza virusi vipya. Wala si zote zinazokufa kwa kazi hiyo. Nyingine zikihisi mvamizi ndani hujiua zenyewe, na kifo chao huleta uvimbe wa ndani unaoita seli nyingine zenye afya, nazo zikaambukizwa.

Uharibifu mkubwa wa mwanzo hutokea tumboni, kwenye kuta za utumbo, maana huko ndiko CD4 nyingi zinakoishi. Ni wiki chache tu. Mwenyewe, kati ya wiki ya 2 na ya 4, huenda akapata homa, koo likauma, tezi zikavimba. Kwa sisi wa Tanga homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, kwa hiyo wengine hununua dawa mseto ya malaria bila kupima. Homa inapoa yenyewe, mseto unapewa sifa.

Baada ya hapo kimya. Mtu anaweza kuishi miaka 8 au 10 bila dawa akijiona mzima, anavua, anauza chungwa, anazaa. Mwili hutengeneza CD4 mpya kila siku na virusi huziangamiza kila siku, ila mwili ndio unaochoka. Mtu mwenye afya huwa na CD4 kama 500 hadi 1,500 katika mikrolita 1 ya damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata njia: fangasi za kooni, nimonia, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Kifua kikuu hakisubiri hata kiwango hicho.

Sasa nirudi kwa mama na karatasi yake. Baadhi ya CD4 ni seli za kumbukumbu, nazo hulala miaka mingi zikingoja adui wanayemfahamu arudi. Kirusi kikiwa kimejichomeka humo, nacho hulala. Hakitengenezi kitu, kwa hiyo kipimo cha wingi wa virusi hakikioni. Kimevaa sare ya shughuli, mlinzi wa mlangoni atamtambuaje? Hata dawa haimgusi. Dawa za tenofovir na lamivudine huzuia kile kitendo cha kugeuza maelezo, dolutegravir huzuia kuchomeka. Aliyekwisha chomeka na kulala hana hatua ya kuzuiwa. Siku seli ikiamka na dawa haipo, virusi vinatoka, na kwa wengi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache tu.

Hivyo majibu yale yana maana kubwa, ila maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. CD4 zinapata nafasi ya kuongezeka. Na aliyefikia kiwango cha kutoonekana, akakidumisha kwa kumeza dawa kila siku, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Hili tuliseme kwa sauti, ndoa nyingi zinalihitaji.

Najua wanaotia pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie kwenye daladala. Sawa, bora pamba hiyo kuliko kuviacha nyumbani. Kombe nalo kunywa, dua omba, ila kidonge cha leo kimeze leo.

Mama aliikunja karatasi, akafunga fundo. Akauliza kama anaweza kupewa dawa za miezi 3, kwa kuwa anavuka Pemba kwenye harusi ya mjukuu, na daftari la shughuli analo yeye. Tukampa.