DSO na bar mbili maana yake nini? Herufi nyuma ya jina la Leonard Cheshire

Ukisoma habari za marubani wa Uingereza wa Vita Kuu ya Pili utakutana na majina yenye mkia mrefu wa herufi, mfano Leonard Cheshire VC, OM, DSO na bar mbili, DFC (zote ni tuzo, nazieleza hapo chini), na wengi wakifika hapo kwenye bar wanapita tu, wanadhani ni kadaraja fulani kadogo ka medali. Sio hivyo kabisa. Bar ni medali ileile, umepewa tena. Mtu akishapata DSO hatundikiwi DSO nyingine pembeni, akistahili mara ya pili anaongezewa kijifito cha chuma kinachokatiza juu ya utepe wa ile ya kwanza, mara ya tatu kijifito kingine. Kwa hiyo DSO na bar mbili ni DSO mara 3. Na siku za kawaida ambazo afisa havai medali zenyewe, anabandika vitepe tu kifuani, kila bar inakuwa kiua kidogo cha rangi ya fedha juu ya utepe, ule wa DSO ni mwekundu wenye kingo za bluu, ukiona picha ya zamani yenye utepe huo na viua viwili ushajua.

DSO (Distinguished Service Order) ilianzishwa 1886, wakati wa vita ile ilikuwa ya maafisa tu, hasa waliosimamia watu vizuri wakiwa vitani. DFC (Distinguished Flying Cross) ni ya 1918, ya ushujaa angani dhidi ya adui. VC (Victoria Cross) ndo kilele, ipo tangu 1856 na haiangalii cheo.

Sasa uzito wa hizo bar huwezi kuuona bila kujua maisha ya kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, Bomber Command, yalivyokuwa. Kule watu walihesabu kwa zamu, zamu ya kwanza kwa kawaida misheni 30, ukimaliza salama unapumzishwa, mara nyingi unapelekwa kufundisha wageni, halafu zamu ya pili misheni 20 hivi. Ila kumaliza hiyo 30 yenyewe ilikuwa kazi, maana katika vijana kama 125,000 walioruka na kikosi hicho walikufa 55,573, yani asilimia 44. Na kuna jambo ambalo mimi naona lazima lisemwe kila tunapohesabu medali za hawa watu: miaka ile DSO na DFC hazikutolewa kwa kitendo kilichomuua mtu. Aliyekufa kwenye tukio lenyewe alibaki na nafasi mbili tu, VC au jina lake kutajwa kwenye ripoti rasmi. Kwa hiyo ukiona medali zimejaa unaona waliorudi, na wenzao waliofanya yaleyale ndege ikaanguka mara nyingi hawana herufi hata moja.

Cheshire alirudi. Alikuwa kijana wa sheria kutoka Oxford, alianza misheni Juni 1940 akiwa na skwadroni ya 102 kwenye ndege za Whitley. Novemba mwaka huohuo juu ya Cologne kombora lilipasuka ndani ya ndege yake, ubavu mmoja ukafumuka, moto ukashika, opareta wake wa redio akaungua vibaya, na bado alidondosha mabomu yake na kuirudisha ndege Uingereza. Hiyo ndo DSO ya kwanza. Zamu ilipoisha Januari 1941 hakusubiri, akajitolea nyingine palepale. DFC na bar ya kwanza ya DSO vikaja 1941, bar ya pili 1943 baada ya kuongoza skwadroni ya 76 iliyotumia Halifax, ambako aliona ndege ni nzito sana akaagiza wapunguze vitu, vifuniko vya ekzosi vikatoka na baadhi ya vibanda vya bunduki vikatoka, alimradi vijana wake wapate mwendo na kimo cha kujiokoa. Akiwa na miaka 25 akapandishwa kuwa group captain, cheo sawa na kanali, akapewa kambi ya mafunzo, na akaomba ashushwe cheo ili arudi kuruka. Mwishoni mwa 1943 akapewa skwadroni ya 617.

VC ikaja Septemba 1944, na hapa ndo pa kipekee. Kawaida VC hutolewa kwa tukio moja, mtu kafanya jambo fulani siku fulani. Ya kwake ilitolewa kwa miaka 4 na misheni 100. Maelezo ya tuzo yanataja usiku wa Munich, Aprili 1944, kama mfano tu: alishuka mpaka kama mita 200 juu ya jiji akiwa ndani ya taa za kumsaka, akaweka alama za kuwaongoza wenzake, akaendelea kuzunguka chini chini kuangalia kama mabomu yanatua palipokusudiwa, na wakati wa kuondoka alipigwa mfululizo kwa dakika 12.

Maelezo hayo hayasemi chochote kuhusu watu waliokuwa chini, na hayo ni mapungufu ya medali yoyote ya vita. Ndo maana mimi naupenda zaidi usiku wa Limoges, Februari 1944, kiwanda cha injini za ndege nchini Ufaransa, wafanyakazi wa zamu ya usiku wengi wao wanawake. Kabla ya kuweka alama alipita juu ya paa mara kadhaa, chini kabisa, makusudi wasikie wakimbie, na wakakimbia.

Ile OM (Order of Merit) haihusiani na mabomu. Aliipata 1981 kwa kazi aliyoianza 1948, miaka 3 tu baada ya kushuhudia bomu la Nagasaki akiwa angani kama mwangalizi wa Uingereza, alipomchukua mgonjwa mmoja asiye na pa kwenda akamuuguza mwenyewe nyumbani kwake Hampshire mpaka akafa. Wakaja wengine, nyumba za kuwatunza zikaongezeka nchi kwa nchi, na huku kwetu wengi wanazijua bila kumjua yeye: Limuru Cheshire Home kule Kenya, ya mabinti wenye ulemavu, na Katalemwa Cheshire Home ya watoto kule Kampala.