Je, bia ya kwenye kopo humlainisha kuku kweli?

Wamarekani wana mtindo wao wa kuchoma kuku mzima. Kopo la bia hufunguliwa, bia hupunguzwa hadi nusu (mpishi ndiye huipunguza, wala hamwagi), kisha kuku hukalishwa juu ya kopo mpaka limzame tumboni. Miguu miwili na kopo huwa mafiga matatu, kuku akasimama wima. Mkaa husogezwa pembeni, jiko likafunikwa. Baada ya saa moja na ushee, kuku tayari. Wapenzi wake husema bia huchemka, mvuke ukapanda na kuilainisha nyama kwa ndani.

Hesabu ya joto inakataa. Bia ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kuku huhesabiwa ameiva nyama yake ikifika nyuzi 74. Kopo nalo limezungukwa na nyama mbichi, baridi, inayolikinga na moto. Kwa hiyo kidari huiva kabla bia haijachemka. Ukichungulia ndani ya kopo mwishoni, utakuta bia karibu yote ipo, tena ina mafuta yaliyodondokea humo. Na mvuke hauongezi maji kwenye nyama. Kidari hukauka kwa kupikwa kupita kiasi, basi.

Mbona basi kuku huyu ni mtamu? Ni kwa sababu amesimama. Joto humzunguka pande zote, mafuta huchuruzika, na ngozi yote, hata ya mgongoni, hukauka vizuri ikapata rangi ya kahawia. Kopo lenyewe silipendi: lina rangi kwa nje na utando wa plastiki kwa ndani, na halikutengenezwa kwa ajili ya jikoni. Kuna vishikizo vya chuma vya kumsimamisha kuku bila kopo.

Anayetaka ladha ya bia aimimine kwenye sufuria, kama wafanyavyo kaskazini mwa Ufaransa: vipande vya kuku hukaangwa kidogo pamoja na vitunguu, kisha huchemshwa taratibu ndani ya bia. Hapo bia inaigusa nyama, na utamu wa kimea unaingia kwenye mchuzi. Chagua bia isiyo chungu, maana mchuzi ukipungua uchungu wa hopi (maua yanayoipa bia uchungu) huzidi. Na kwa asiyetumia pombe: sehemu kubwa hupotea na mvuke, lakini si yote.